Chombo na Mkono wa Mwanafunzi

Ilikuwa jioni ya mazoezi ya kwaya huko Ilembo, mjini Mpanda, nilikokwenda kwa treni kutoka Tabora kumwona shemeji yangu. Pale nilimwona binti wa miaka kama 14 akivishwa gitaa la besi lililomzidi kimo. Mkanda ulikazwa hadi tundu la mwisho, na bado gitaa likamning'inia mapajani. Kidole chake cha shahada kilikifikia chuma cha kwanza cha shingo. Kile cha mwisho hakikukikaribia cha nne. Mwalimu wake, mtu mpole, akamwambia neno nililolijua tangu utotoni: "Vumilia, mwanangu, mkono utafunguka." Wavulana waliokuwa kwenye benchi wakacheka kichinichini.

Mimi sikucheka. Niliwahi kuambiwa hivyo hivyo, kisiwani kwetu, katika chama kimoja cha taarabu ambacho sitakitaja. Nilikuwa nimeitamani besi kubwa ya kusimama, ile inayokaa nyuma ya fidla na kanuni kama nanga iliyo chini ya maji: huioni, lakini jahazi haliendi mrama. Sikupewa hata kigoda. Baada ya miezi mitatu kiwiko kikaniuma hadi kushika kalamu kukawa taabu, nikaacha. Wakubwa wakasema sina moyo, nami kwa miaka mingi nikawasadiki.

Je, mwanafunzi anayechagua chombo kinachomkaa anaikimbia kazi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wamesema waliotutangulia, na sina ugomvi nao. Ila wamesema ainame. Hawakusema avunjike mgongo. Upo ugumu ambao ndio sanaa yenyewe: kujua pa kunyamaza, kutua pamoja na ngoma bila ya kumtangulia mwimbaji, kuisikia noti kabla kidole hakijaigusa. Ugumu huo hauna wa kumpunguzia mtu. Na upo ugumu mwingine, ambao ni sentimita tu.

Sentimita zenyewe zahesabika. Gitaa la besi lililozoeleka, kwa kipimo alichokieneza Leo Fender tangu mwaka 1951, lina uzi wa sentimita 86 hivi baina ya kichwa na daraja. Lile fupi lina 76. Kutoka kichwani hadi chuma cha nne, refu lataka karibu sentimita 18, na fupi halifiki 16. Kwa kiganja cha mtu mzima tofauti hiyo si kitu. Kwa kiganja cha binti yule ni mlango uliofungwa. Paul McCartney alinunua Höfner, fupi na jepesi, mjini Hamburg mwaka 1961, na sijamsikia aliyemwita mvivu. Fupi nalo lina bei yake: uzi wake mnene hulegea kidogo, na sauti ya chini kabisa hupoteza ukali. Anayelichagua na alijue hilo.

Lililonishangaza zaidi nililijua ukubwani. Besi nyingi za kusimama katika okestra za dunia, mikononi mwa mabingwa, ni za kiasi kiitwacho robo tatu. Ile iitwayo kamili ni nadra kuonekana. Na njia ya Franz Simandl, iliyofundisha vizazi vya wapigaji tangu karne ya 19, hapo chini ya shingo haikitaki kidole cha pete kifanye kazi peke yake. Hukiegemeza kwa jirani yake mdogo. Maana yake mabingwa waliupima mkono kwanza. Sisi tuliokuwa tukiadhibiwa kwa jina la jadi, tuliadhibiwa kwa jadi isiyokuwapo.

Wapenzi wa ushairi hawatahitaji hoja ndefu hapa. Tangu kabla ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kutoa kitabu chake cha sheria za kutunga mwaka 1954, wengi wameanza na mshororo mfupi wa mizani 8 kabla ya ule wa 16. Nani amesema utenzi si ushairi? Na aliyeufikisha ubeti wa mia tatu anajua kwamba urahisi wa kuanza haukumpa urahisi wa kumaliza.

Rafiki yangu mmoja, mpiga fidla, hakubaliani nami. Husema chombo kisichokaidi hakimfundishi mtu, na kwamba sikio lake lilinolewa na shingo isiyo na vyuma. Namkubalia nusu. Kukosekana kwa vyuma kulimlazimu asikilize. Kiwiko changu kilinifundisha nini?

Lakini pale Ilembo nililiona kosa la swali langu mwenyewe. Nilikuwa nikizungumza juu ya kuchagua, ilhali kwaya ile ilikuwa na gitaa moja, lililonunuliwa kwa michango. "Chagua linalokukaa" ni nasaha ya mtu aliyesimama mbele ya duka. Pasipo duka, wajibu unamhamia mwalimu: kama chombo hakibadiliki, yeye atabadilisha nini?

Baada ya mazoezi nikamweleza faraghani. Nyuzi zishushwe zikaribie shingo. Binti akae kitini, gitaa alilaze pajani. Aanzie chuma cha tano, ambako vyuma vimesogeleana: kutoka hapo hadi cha tisa ni sentimita 13 hivi, kwenye gitaa lile lile. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza, "Na akizoea huko juu, mzee, atashuka lini?" Sikuwa na jibu la hakika, nikamwambia hivyo.

Jioni ya pili binti alikuwa kitini. Mwalimu aliupandisha wimbo kidogo ili noti zake zimwangukie mkononi, na akina mama wa sauti ya kwanza wakanung'unika kwamba sasa wao ndio wanaoumia. Wakaurudia mara tatu. Binti hakuinua macho. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.