Dhamana ya Mwenye Kunakili

Watu wengi huamini kwamba kunakili si kutenda. Anayetunga barua huulizwa kwa aliyoyaandika. Anayeinakili hudhaniwa kuwa ni mkono tu, na mkono hauna dhambi. Katika utumishi wangu wa ualimu niliikuta imani hii imeketi maofisini kama mwenye nyumba. Karani akiulizwa kwa nini ametia neno fulani katika barua ya mwanafunzi, hujibu: "Ndivyo lilivyokuwa kwenye faili." Nami nadai kwamba jibu hilo halitoshi. Mfano nitakaoutumia ni kazi ya kufunga diski ya pili katika kompyuta kuukuu ya shule. Msomaji asiyependa mitambo anivumilie kwa aya chache.

Kompyuta yenyewe ni Macintosh ya mnara, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilifika shuleni mwaka 1998 kama msaada, ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine, na kwa miaka kumi hivi ndiyo iliyobeba orodha zetu zote: walioandikishwa, alama, karo, na mengine nitakayoyataja. Mitambo mipya ilipoletwa hakuna aliyehamisha yaliyomo. Ikafunikwa kitambaa, ikawekwa pembeni, na juu yake pakapangwa mitihani ya majaribio. Mimi nilistaafu mwaka 2010. Mwaka 2024 mkuu wa shule wa sasa, mama ambaye nilimfundisha mwenyewe hesabu, aliniita kwa sababu diski ya ndani ilikuwa inalia kama jiwe la kusagia, na madaftari ya karatasi ya miaka ile yalikwisha kuliwa na mchwa. Fundi mmoja wa mjini alikuwa na diski aliyoitoa katika mtambo mfu wa jamii ileile. Atakayeuliza kwa nini tusitumie flashi ajue kwamba kompyuta ya umri ule haina tundu la flashi. Ilitupasa kwanza kuyaokoa yaliyomo humohumo ndani, kisha ndipo tufikirie safari nyingine.

Diski za kompyuta hizo hufungwa kwa mpango ambao mafundi huutamka skazi. Chimbuko lake ni kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Shugart Associates, na kanuni zake zilithibitishwa rasmi huko Marekani mwaka 1986, mwaka uleule ambao Macintosh Plus ilitoka ikiwa na tundu lake. Waya mmoja bapa wenye nyuzi 50 hupita ndani ya sanduku, na vyombo vyote huning'inia juu yake kama nguo kwenye kamba moja. Kwa kuwa kamba ni moja, kila chombo lazima kiwe na namba yake, kuanzia 0 hadi 7. Kompyuta yenyewe ni 7. Diski iliyozaliwa nayo ni 0. Diski ya pili nayo ikija inaitwa 0, mbili zitaitika jina moja, na hapo hakuna itakayosikika.

Namba hupangwa kwa vifuniko vidogo viitwavyo jampa, ambavyo mzee wa macho yangu huvishika kwa kibanio cha nyusi alichoazima kwa mjukuu. Kuna jozi tatu za sindano, zenye thamani ya 1, 2 na 4. Funika ya kwanza na ya tatu, diski inaitwa 5. Miaka mingi nilifundisha hesabu za kizio cha mbili ubaoni bila ya kuwa na kitu cha kumshikisha mtoto mkononi. Laiti ningekuwa na diski moja mbovu kama hii!

Jambo la pili ni la ajabu zaidi. Waya wa skazi lazima ufungwe ncha zote mbili. Usipofungwa, ujumbe ukifika mwisho haufi. Hugonga ncha na kurudi kama mwangwi, ukachanganyika na ujumbe mpya unaokuja nyuma yake, na kompyuta ikasoma upuuzi. Kifaa cha kuufunga huitwa tamineta. Katika diski za zamani ni vipande vitatu vyenye meno kama vichana, vinavyochomekwa tumboni mwa diski. Diski ya zamani ilikuwa mwisho wa waya, kwa hiyo ilibaki na vyake. Mpya tuliitia katikati, ikabidi tuvichomoe vichana vyake vitatu. Nilivitia katika bahasha ya kaki na kuandika juu yake ni vya nini.

Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Macintosh za zamani huhesabu siku tangu 1 Januari 1904, na ile yetu ilipoamka ilidhani ndiyo siku hiyo. Nilisisitiza tuweke tarehe sahihi kabla ya kugusa lolote, maana sikutaka nakala ya mwaka 2024 ijidai kuwa imeandikwa kabla ya vita vya Maji Maji.

Basi picha mbili za diski zikaonekana kwenye kioo, moja chini ya nyingine. Kunakili kulihitaji kuikokota ya juu na kuiweka juu ya ya chini, basi. Mkuu wa shule akasema, "Mwalimu, tuhamishe yote tu. Mengine tutayachambua baadaye." Nikamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Nilimwomba asubiri kwa ajili ya mafaili mawili.

La kwanza lilikuwa kitabu cha adhabu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zilimtaka mkuu wa shule ahakikishe kila adhabu imeandikwa: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, visivyozidi vinne, na jina la aliyechapa. Sababu ya kuandika ilikuwa njema. Kitabu kilikuwa kinga ya mtoto, kumzuia mwalimu mwenye hasira. Lakini miaka ishirini ikipita, aliyechapa amestaafu au yuko kaburini, na kinachobaki kusomwa ni kwamba fulani, ambaye leo ni nesi au diwani, aliiba mihogo ya shule. Kinga imegeuka fedheha, na hakuna aliyeigeuza ila muda.

Zamani mchwa, panya na mvua walifanya kazi ya kusahau kwa niaba yetu. Sisemi walikuwa waadilifu. Mchwa hula cheti cha yatima sawasawa na kitabu cha adhabu. Lakini walituondolea taabu ya kuamua. Diski ya pili inaturudishia taabu hiyo mikononi, kwa sababu kinachohama kinahama kwa kuwa mtu amekihamisha. Ule mstari wa mihogo uliandikwa mara moja na mwalimu wa zamu. Ukinakiliwa leo, umeandikwa mara ya pili, na safari hii mwandishi wake ni sisi. Tena sheria nayo imekwisha kusema: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, haipendi taarifa ya mtu iwekwe kupita muda unaohitajika kwa shabaha iliyoiweka. Shabaha ya mstari ule iliisha siku ileile, mtoto alipofuta machozi akarudi darasani. Adhabu isiyofungwa ncha hufanya kama ule waya. Kwa hiyo kitabu cha adhabu hatukukinakili, ila mistari miwili yenye malalamiko ya wazazi kwamba mtoto aliumizwa. Hiyo tuliichukua nzima, na majina yote, kwa kuwa hapo atakayefaidika na kusahau si mtoto.

Hilo lilikuwa jepesi. Faili la pili lilituweka mpaka jua likazama.

Ilikuwa orodha ya wasichana 19 walioondolewa shuleni kati ya 1998 na 2008. Mbele ya kila jina palikuwa na tarehe, kidato, na neno moja: mimba. Ndivyo utaratibu ulivyokuwa nchini wakati ule, na barua za kuwaondoa zilitiwa sahihi na mkuu wa shule, yaani mimi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa kupata ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida. Kwa hao 19 tangazo lilifika wakiwa watu wazima, wengine wakiwa na watoto walio sekondari.

Mtu mwenye huruma angesema: lifutwe, liwe kana kwamba halikuwapo. Hata mimi moyo wangu ulielekea huko. Mkuu wa shule alisoma majina kimya, kidole kikitelemka kwenye kioo, kikasimama penye jina moja. "Huyu nilikaa naye dawati moja," akasema. "Mwalimu, tukilifuta jina lake, itakuwa kana kwamba dawati lile nililikalia peke yangu."

Tena huyo ndiye aliyefanya kompyuta ifunuliwe kitambaa. Alikuwa amekuja shuleni kuomba uthibitisho kwamba alisoma pale hadi Kidato cha Tatu. Daftari la uandikishaji la mwaka wake liliisha kwa mchwa. Faili lake katika kompyuta lilikuwa katika sehemu ya diski iliyokwisha kuharibika, halisomeki. Katika shule nzima, mstari pekee ulioshuhudia kwamba aliwahi kuvaa sare yetu ni ule uliomtoa.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema msamaha ni kusahau. Neno lililomwumiza lilikuwa limeshikamana na haki yake, na asingeweza kunyimwa moja bila ya kunyang'anywa la pili. Liko na jambo jingine. Orodha ile haikuwa na safu ya baba. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyeandikwa. Anayelifuta neno lile kwa huruma ya msichana humfutia pia yule ambaye hakuandikwa, na huyo hahitaji fadhila nyingine.

Chuoni, tulipofundishwa utunzaji wa madaftari, tuliambiwa usikwangue wino: piga mstari mmoja, andika lililo sahihi, weka sahihi yako, ili ajaye aone lililokuwapo na aliyelibadili. Nimeifuata kanuni hiyo tangu miaka ya 1970 na sikuona sababu ya kuiacha kwa kuwa wino umegeuka sumaku. Nakala yetu ya majina 19 ina jina, tarehe ya kuingia pale ilipopatikana, tarehe ya kutoka na kidato cha mwisho. Juu yake imeandikwa kwamba ni nakala, imefanywa lini na nani, na kwamba safu moja imeachwa. Safu yenyewe mkuu wa shule aliiandika kwa mkono, kila jina na karatasi yake na bahasha yake. Mwenye jina akija atakabidhiwa. Akitaka kuichoma, aichome. Akitaka kuipeleka mbele ya wakubwa na kusema "nilitendewa hivi", aipeleke. Sijaona mtu mwingine mwenye haki ya kumchagulia kati ya hayo mawili, si mwalimu wake wala serikali.

Atakuwapo wa kuniambia kwamba nimejipa mamlaka makubwa kwa kazi ya kuhamisha mafaili. Labda. Lakini aliyeyahamisha yote bila kusoma naye amechukua mamlaka yaleyale, ila hakutaka kuyaona.

Ilibaki diski ya zamani. Kulitupa faili katika pipa la taka la Macintosh hakuliondoi. Huondoa jina lake katika fahirisi tu, na maandishi hukaa palepale mpaka mengine yaandikwe juu yake. Hivyo yale tuliyoyaacha yalikuwa bado hai humo ndani. Tulizima umeme, tukaichomoa, mkuu wa shule akaifungia katika sanduku la chuma hadi bodi ya shule itakapokaa. Sasa diski namba 5 ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwenye waya. Nilifungua bahasha ya kaki, nikavirudisha vichana vitatu kimoja kimoja, nikitazama alama zake visije vikakaa kinyume. Namba tuliiacha ileile 5. Kompyuta ilichukua muda kuitafuta, kisha ikaamka.