Ndugu Aliyefichwa: Twatafuta Siri, au Twatafuta Mtu?



Watu wengi, na vijana zaidi, wanapenda vitabu vya siri. Ni vitabu gani hivyo? Ni vile ambamo mtu amepotea, jamaa zake wananyamaza, na msomaji hawezi kulala mpaka ajue kwa nini wananyamaza. Taa inakwisha mafuta, naye angali anasoma. Wazee wengine wanakemea: «Huo ni umbeya tu, umetiwa katika kitabu.» Vijana wanajibu: «Ni mchezo, haudhuru mtu.» Sisi hatutaki kuwahukumu upesi wala hawa wala wale. Twataka kuuliza swali lenyewe: ile hamu ya kujua siri za nyumba ya watu, ni nzuri au ni mbaya?

Tusiseme maneno matupu. Tuchukue kitabu kimoja chenye sifa, tukiangalie.

I. KITABU CHENYEWE

Kitabu hicho ni The Woman in White, kilichotungwa na Wilkie Collins wa Uingereza (1824–1889). Wanaosoma Kifaransa watakipata kwa jina la La Dame en blanc. Kilitokea kwanza kipande kwa kipande katika All the Year Round, gazeti la juma la Charles Dickens, tangu Novemba 1859 hata Agosti 1860. Kila juma watu walingoja kipande kipya, maana Collins alijua kukata hadithi pale pale moyo wa msomaji unapopiga sana. Tutaieleza mpaka mwisho, kwa sababu swali letu limo katika mwisho wake.

Walter Hartright, mwalimu wa kuchora picha, anatembea usiku kuelekea London. Njiani mwanamke aliyevaa nguo nyeupe tupu anamgusa bega, anamwuliza njia. Ametoroka nyumba ya wenye wazimu. Jina lake ni Anne Catherick. Baadaye Walter anakwenda kufundisha katika nyumba ya Limmeridge, kaskazini mwa Uingereza. Huko anamwona binti tajiri, Laura Fairlie, na uso wake ni kama uso wa yule wa njiani. Kwa nini wafanane? Hakuna ajuaye.

Laura anaolewa na Sir Percival Glyde, mtu wa cheo lakini mwenye madeni mengi. Mkewe akifa bila mtoto, yeye atapata paundi 20,000. Basi Percival na rafiki yake, Count Fosco, wanafanya hila. Anne, aliyekuwa mgonjwa wa moyo, anakufa London, nao wanamzikisha kwa jina la Laura. Laura mwenyewe wanamfungia katika nyumba ya wenye wazimu kwa jina la Anne. Mmoja amezikwa, mwingine amefungwa, kila mmoja chini ya jina la mwenzake.

Ni nani anayemwokoa Laura? Ni Marian, dada yake wa tumbo moja, mwenye baba mwingine. Marian anamkuta katika nyumba ile, anamtambua mara moja, anamtoa kwa kumlipa mwuguzi. Halafu Walter anatafuta ushahidi. Mwishowe anaonyesha kwamba hati ya kifo ina tarehe ya siku moja kabla ya safari ya Laura kwenda London. Mtu hawezi kufa leo na kusafiri kesho!

Njiani Walter anafunua siri mbili. Ya kwanza ni ya Percival. Wazazi wake hawakufunga ndoa, kwa hiyo hakuwa na haki ya cheo wala mali. Alijipenyeza katika sakristia ya kanisa moja, akaandika ndoa ya uongo katika nafasi iliyobaki chini ya ukurasa wa kitabu cha ndoa. Lakini palikuwa na nakala ya kitabu kile mji mwingine, na katika nakala nafasi ile ilikuwa tupu. Percival alipokwenda kukiharibu kitabu, moto ukashika sakristia, akafa humo. Sisi tunaosaidia kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa twaelewa vema: mstari mmoja katika kitabu ni mtu mzima. Si bure sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliamuru nakala ya vitabu vya paroki ipelekwe kwa askofu kila mwaka.

Siri ya pili ni ndogo kwa sauti, lakini ni kubwa kwa uzito. Anne alikuwa binti wa Philip Fairlie, baba yake Laura, kwa mwanamke mwingine. Kumbe, Laura alikuwa na dada wawili. Dada wa mama mmoja alijulikana, naye alimwokoa. Dada wa baba mmoja alifichwa, naye alikufa mahali pake. Uso wa Anne ulikuwa umesema wazi yale ambayo midomo ya watu wazima ilinyamaza.

II. HAMU MBILI

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alitofautisha mambo mawili. Moja ni bidii ya kujua, nayo ni fadhila. La pili ni udadisi, nao ni kilema. Hamu ya kujua yenyewe si mbaya, maana akili ya mtu imeumbwa ili ijue. Ubaya unatoka katika shabaha. Anayechungua mambo ya mwenzake apate kumsaidia, huyo anasifiwa. Anayechungua apate kumdharau au kumsengenya, huyo analaumiwa. Macho ni yale yale, mlango ni ule ule. Nia ndiyo inayowatenga.

Tukitumia kipimo hicho katika kitabu chetu, twaona jambo la ajabu. Percival naye ni mtu wa kuchungua! Anataka sana kujua Anne anajua nini. Mama yake Anne aliijua siri ya ndoa ya uongo, akamwambia binti yake kwamba iko siri inayoweza kumwangamiza bwana yule. Hakumwambia ni siri gani. Siku moja Anne akayarudia maneno hayo mbele ya Percival, kama mtoto arudiavyo neno asilolielewa. Kwa hilo tu akafungiwa pamoja na wenye wazimu. Angalieni: siri ilimla mtu ambaye hata hakuijua.

Walter naye anachungua. Lakini anachungua kwa sababu kuna mtu aliye hai anayeitwa maiti, na jina lake limeandikwa juu ya kaburi la mwingine. Percival anatafuta siri ili mtu apotee. Walter anatafuta siri ili mtu aonekane. Hapo ndipo penye jibu letu.

Na msomaji je, yuko upande gani? Collins anatuvuta kwa kamba ya siri. Twageuza kurasa tukiuliza: ni nini? ni nini? Tukikifikia kitabu cha ndoa na moto wa sakristia, twapumua: kumbe ni hilo. Laura anapata tena jina lake, anaolewa na Walter, twafurahi. Lakini Anne? Wasomaji wengi wanafunga kitabu bila kumkumbuka. Yeye ndiye mwanamke wa nguo nyeupe, yeye ndiye jina la kitabu, yeye ndiye ndugu aliyepotea tangu kuzaliwa. Laura alitafutwa na watu wawili kwa machozi. Anne, ni nani katika jamaa zake aliyemtafuta kwa upendo? Mama yake alikuwa mkali kwake. Mama yake Laura ndiye aliyemhurumia utotoni, akampa nguo nyeupe. Na kwa sababu ya wema huo Anne alipenda nyeupe maisha yake yote. Alikufa bila kujua kwamba msichana yule aliyefanana naye alikuwa dada yake.

Mwandishi mwenyewe hakumsahau. Mwishoni maneno ya uongo yanafutwa juu ya jiwe la kaburi, na mahali pake panaandikwa jina la Anne na siku ya kufa kwake. Anayesoma upesi anaruka mistari hiyo. Anayesoma vizuri anasimama hapo.

III. SIRI IPI IFUNGULIWE?

Mtu atatupinga: «Ninyi mnasema siri zifunuliwe. Je, hamkusoma habari za Nuhu? Baba alilala uchi, mwana mmoja akaenda kutangaza. Wawili wengine wakamfunika kwa nguo, wakitembea kinyumenyume wasimwone. Hao wawili ndio waliobarikiwa. Basi aibu ya baba ifunikwe!»

Ni neno zito, nasi twalikubali. Kusema maovu ya kweli ya mtu bila sababu ni dhambi, hata kama hakuna uongo ndani yake. Nyumba ina haki ya kuwa na mlango. Baba aliyeanguka zamani, akatubu, akalipa, hana deni la kuwaeleza majirani. Lakini tutofautishe. Nguo ile ilifunika aibu, haikufunika mtu. Tukiichukua nguo ya kufunika aibu ya baba tukamfunika nayo mtoto, mtoto atakosa hewa. Siri ikifunika kosa lililopita, inaweza kubaki. Siri ikifunika mtu aliye hai, jina lake, urithi wake, ndugu zake, hiyo si heshima tena, ni wizi.

Jambo hili si la Uingereza tu. Hata kwetu Kongo mara ngapi mtoto aliyezaliwa nje anaonekana kwanza siku ya matanga ya baba yake? Amesimama kando, uso wake ni uso wa marehemu, na watoto wa nyumbani wanaulizana: «Huyu ni nani?» Baba amekufa, hawezi kujibu. Iko hatari kubwa zaidi. Kijana na msichana wanapendana, nao hawajui kwamba ni wa baba mmoja. Kanisa linakataza kabisa ndoa ya kaka na dada, hata wakiwa wa mama mbalimbali, na hakuna ruhusa ya kuliondoa katazo hilo. Ndoa zinatangazwa mbele ya watu kwa sababu kama hizo: ajuaye aseme. Hapo anayenyamaza hamlindi baba, anawaangamiza watoto.

Lakini aseme namna gani? Tumtazame Yosefu. Naye alikuwa ndugu aliyepotea. Kaka zake walimwuza, wakachovya kanzu yake katika damu ya mbuzi, wakamletea baba yao. Miaka mingi nyumba ile ilikula na kulala pamoja na uongo huo. Siku ya kujifunua Yosefu hakuita baraza la Wamisri. Kwanza aliwaamuru wageni wote watoke. Ndipo akawaambia ndugu zake yeye ni nani. Hakuificha kweli, wala hakuitandaza sokoni. Aliwapa wenyewe. Ndiyo kanuni: siri iliyomfunika mtu ifunguliwe, lakini ifunguliwe kwa wale inaowahusu, na kadiri inavyohitajika kumrudishia mtu haki yake. Yanayozidi hapo ni kelele.

Collins mwenyewe alilijua tatizo hili nyumbani mwake. Miaka kadhaa baada ya kitabu hiki, yeye ambaye hakuoa kamwe alizaa watoto watatu na mwanamke aitwaye Martha Rudd, na alipokuwa kwao alitumia jina jingine, Dawson. Aliyeandika habari za majina ya uongo akavaa jina la uongo. Lakini katika hati yake ya urithi aliwakubali watoto hao kuwa wake, akawaachia mali. Hatusemi kwamba hilo lilifuta yote. Twasema tu kwamba kalamu yake ya mwisho haikuwaacha watoto wake bila jina.

IV. TUSOMEJE?

Nchini mwetu, tangu vita vya mwaka 1996 na vile vya 1998, nyumba nyingi za mashariki zina ndugu aliyepotea. Hakuna aliyegeuza kurasa akamwona mwishoni. Katika nyumba hizo habari ya ndugu aliyepotea si mchezo wa usiku. Mama bado anaacha nafasi penye mkeka. Kijana anayesoma kitabu cha siri karibu na mama huyo, na ajue anachokishika mkononi.

Hatumkatazi kusoma. Kinyume chake: kitabu cha namna hii kinaweza kumfundisha kutonyamaza palipo na mtu anayefichwa, kuangalia nyuso, kukumbuka tarehe, kuuliza kwa subira, kutosadiki upesi kwamba fulani ni mwenda wazimu kwa sababu tu wakubwa wamesema hivyo. Lakini kitamfundisha hayo kama anasoma akimtafuta mtu. Akitafuta siri tu, atakuwa kama mla karanga: anatupa ganda, anashika nyingine, na kesho hakumbuki alichokula.

Wazee wana methali: Mficha maradhi, kifo humfichua. Katika hadithi hii kifo kilimfichua Anne, lakini kilikuja kwanza, kweli ikafuata nyuma. Kazi ya walio hai ni kuigeuza safari hiyo, kweli itangulie.

Basi, msomaji, ukimaliza kitabu cha siri, usijiulize tu: «Siri ilikuwa nini?» Jiulize: «Ni nani aliyeilipa?» Ukiweza kumtaja kwa jina, umesoma vizuri. Kisha funga kitabu, uangalie nyumbani kwako kama hakuna mtu ambaye jina lake halitajwi mezani.