RANGI JUU YA KUTU

Kijana unayesoma karatasi hii, usiitupe, endelea kusoma. Ina habari yako.

Hebu simama dakika tano kando ya barabara ya Bagamoyo, hapa Bunju. Tazama malori yanavyopita: ya mchanga, ya kokoto, ya saruji ya Wazo Hill. Chungulia kwenye matundu ya rimu. Kule ndani kuna ngoma ya breki, mafundi wanaiita dramu. Nyingine imepakwa rangi ya silva, inang'aa kabisa. Unasema, "Aisee, lori hili jipya!" Je, una hakika?

KUTU INATOKA WAPI?
Dramu ni chuma cha kuyeyushwa kwenye kalibu. Chuma kikikutana na maji na hewa, kinashika kutu. Chumvi ikiongezeka, kutu inakwenda mbio. Na sisi huku tuko karibu na bahari, upepo wenyewe una chumvi. Lori likilala wiki mbili tu wakati wa masika, dramu inageuka rangi ya udongo. Hakuna aliyeipiga. Imekaa tu.

Ndivyo dhambi ilivyo, kijana. Huamki siku moja ukawa mwizi au mlevi. Unakaa tu. Leo kijiweni, kesho kijiweni, inakula kidogo kidogo.

FUNDI WA KWELI ANAFANYAJE?
1. Anaweka magogo kwenye tairi zinazobaki chini, anapiga jeki, kisha anaweka stendi za chuma. Hategemei jeki peke yake. Jeki ikiteleza, mtu amekwisha.

2. Anavua tairi, anavua dramu. Vumbi la ndani hapulizi kwa upepo wa kompresa, wala kwa mdomo. Laini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaweza kuleta kansa miaka mingi baadaye. Analilowesha kwa maji, anafuta kwa kitambaa kibichi, amefunga pua na mdomo kwa barakoa inayozuia vumbi laini, si leso tu. Wewe utingo, sikia hili hata kama mengine hutaki!

3. Anasugua nje kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Hapa ndipo jasho linapotoka.

4. Anafuta mafuta na grisi kwa tina, anaacha ikauke.

5. Ndipo anapaka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi inayostahimili moto. Breki zikifanya kazi dramu inachemka, rangi ya kawaida inababuka.

Umeona? Rangi ni ya mwisho! Lakini fundi wa mkato anaanza na rangi. Anapaka juu ya kutu, anapokea hela yake, tajiri anafurahi. Baada ya muda mfupi rangi inavimba, inabanduka, na kutu iko chini yake, imezidi.

MAHALI PASIPOPAKWA RANGI
Sasa sikiliza kwa makini. Ndani ya dramu, pale laini zinaposugua, HAPAPAKWI RANGI KABISA. Ukipaka pale, breki inateleza. Hata pale rimu inapokaliana na dramu hapatakiwi rangi nene, maana inasagika na nati zinalegea njiani.

Kutu nyepesi ya ndani inaondoka breki zikifanya kazi. Ikiwa imechimba mashimo, dramu inapelekwa kwa wachonga vyuma, na hata wao wana mpaka. Kipimo cha mwisho kwa kawaida kimeandikwa kwenye dramu yenyewe. Ikipita hapo inatupwa. Na ikiwa na ufa uliopenya, haichomelewi, haifichwi kwa rangi. Inatupwa!

Kwa nini? Kwa sababu kuna siku ya mteremko. Barabarani Bunju tambarare lori linaweza kukudanganya. Lipeleke Kitonga, njia ya Iringa, na mzigo juu. Dramu inapata moto, inatanuka, inakimbia laini. Pale Kitonga hakuna anayeuliza rangi. Swali ni moja tu: LINASIMAMA?

NA WEWE JE?
Kijana, umenyoa vizuri, shati limepigwa pasi, mtaani wanakuita braza. Ndani kukoje? Hasira, uzinzi, bangi, chuki na baba yako? Yesu aliwaambia Mafarisayo kwamba wanafanana na makaburi yaliyopakwa chokaa, nje mazuri, ndani mifupa (Mathayo 23:27). Wale walikuwa watu wa dini! Kwa hiyo hata kuja kanisani Jumapili na suti kunaweza kuwa rangi tu.

Una mteremko wako unakuja. Ni ugonjwa, ni msiba, ni rafiki anayekuambia "twende, usiku mmoja tu." Siku hiyo utakanyaga breki. Zitashika?

Mfalme Daudi alianguka, lakini mwishowe aliacha kujipaka rangi. Alimwomba Mungu amsafishe, amuumbie moyo safi (Zaburi 51). Dramu haiwezi kujisugua yenyewe, inahitaji mkono wa fundi. Fundi wako ni Yesu. Atasugua, na itauma. Utaacha marafiki fulani, utarudisha kilicho cha watu. Lakini hatakutupa kwa sababu ya ufa wako. Hapo anawashinda mafundi wote: kilichopasuka anakifanya kipya.

Usingoje mteremko. Sema naye sasa hivi, hapo ulipo:

"Bwana Yesu, nje wananisifu, ndani ninajijua. Nimechoka kupaka rangi. Ondoa kutu yangu, nisamehe, nifanye upya. Kuanzia leo wewe ndiwe fundi wangu. Amina."

Kama umesali kwa moyo, mwambie mtu leo hii, na njoo mkutanoni jioni. Ukimaliza kusoma, mpe utingo mwenzako.