Subira ya Wenye Kusomesha Vipofu na Viziwi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya. Katika Sura ya Al-Kahf zimo khabari za Nabii Musa na yule mja mwema ambaye wanazuoni wengi wamemtaja kuwa ni Khidhr. Musa alipotaka kumfuata ili ajifunze, aliambiwa kwamba hataweza kusubiri. Na sababu aliyopewa si udhaifu wa moyo wala uchache wa imani, bali ni kuwa mambo atakayoyaona hana khabari ya undani wake. Enyi ndugu Waislamu, lizingatieni hilo vyema. Subira imefungamanishwa na ujuzi.

Basi wako walimu waletewao mtoto kipofu, au kiziwi, au mzito wa kufahamu, nao hawakufundwa kazi hiyo hata siku moja. Watu huwaambia wasubiri, watapata thawabu. Thawabu ni kweli. Lakini kumwambia mtu hivyo, usimwongeze lolote, ni kumtwika mtungi bila ya kata. Mwalimu huyo hurudia somo asione matunda, akadhani mtoto ni mkaidi, akashika bakora. Usiku hujilaumu. Mwisho huiacha kazi, na mtoto akarudishwa kwao kukaa barazani. Na jambo la bakora si dogo: katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwalimu akimtia adabu mwanafunzi akafa kwa pigo lile, iko dhamana juu yake, ingawa alikusudia kheri.

Yatazameni maandishi ya vipofu aliyoyatunga Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka udogoni, akafa mwaka 1852. Kila herufi ni nukta zilizoinuka, zisizozidi sita, zisomwazo kwa ncha za vidole. Msahafu nao umekwisha kuchapwa hivyo. Lakini Kiarabu cha nukta husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume cha khati ya wino. Mwalimu asiyejua hilo humvuta mtoto kidole upande usio wake, kisha akamwita mjinga! Na kwa viziwi ni vivyo hivyo. Mafakihi wameihesabu ishara ya bubu yenye kufahamika kuwa kama matamko yake katika kuuza na kununua na kuoa. Itakuwaje sharia iikubali, na chuoni asiwepo aijuaye?

Imepokewa kwamba Rabii bin Suleiman wa Misri, mwanafunzi wa Imamu Shafi, alikuwa mzito wa kufahamu. Imamu alimkariria mas'ala moja mara arubaini asifahamu, hata akainuka majlisini kwa haya. Imamu akamwita faraghani, akamkariria mpaka akafahamu. Angalieni alivyofanya: aligeuza mahali, akaondoa macho ya watu. Huo ndio ufundi wa kusomesha. Na Rabii huyo mzito ndiye aliyekipokea kitabu cha Al-Umm na kukieneza.

Ufundi huu leo hufunzwa. Nairobi kiko chuo cha serikali cha elimu ya namna hii tangu mwaka 1986, na Tanzania kiko Patandi, Arusha. Wenye mali wajengao minara na watoe pia nauli na ada ya mwalimu mmoja wa mtaa wao. Naye akirudi asiachwe peke yake na darasa zima. Apewe mwenziwe wa kumpokea, ili siku kifua kikimbana awe na wa kumwambia. Wala wazazi wasimfiche mtoto ndani miaka na miaka, kisha wakamtaka mwalimu amkhitimishe juzuu kwa mwezi.