Maumivu Yasiyo na Kidonda

Hapa Kapalamsenga mvuvi akikatwa mkono na kamba ya wavu, hakuna anayemwuliza kama kweli anaumwa. Damu inaonekana. Mmoja huleta kitambaa, mwingine hutafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati, na mama jirani humpelekea uji. Lakini mtu akiumia moyoni tunamtazama usoni, na tukiuona uso mzima tunamwambia, "Jikaze." Nimefundisha kwa karibu miaka arobaini, na neno hilo nimelisema mara nyingi mno. Mara moja nililisema kwa mtu ambaye siku tatu baadaye hakuwa hai. Kwa ajili yake ninaandika kurasa hizi.

Ilikuwa mwaka 1987. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ambayo sitaitaja, na miongoni mwa walimu wangu alikuwapo kijana mmoja aliyefundisha hesabu kwa ufundi mkubwa. Mkewe alifariki wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Miezi michache baadaye zilipotea fedha za michango ya wazazi zilizokuwa mikononi mwake. Hakuna aliyethibitisha kwamba ameiba, wala hakuna aliyemtetea, nami nikiwamo. Jioni moja alikuja ofisini, akaketi, akakaa kimya. Kisha akasema, "Mwalimu Mkuu, nimechoka."

Nikamjibu, "Sote tumechoka, mwalimu. Wewe ni mwanamume, jikaze. Likizo imekaribia."

Akatabasamu, akaniachia daftari lake la maandalio ya masomo, akaaga kwa adabu. Baada ya kuondoka nililifungua. Lilikuwa limekamilika hadi wiki ya mwisho ya muhula. Nikafurahi, nikasema moyoni kwamba huyu sasa ametulia.

Alijiua. Alizikwa upesi, na matanga hayakukaa. Watu walisema mengi: wengine laana ya ukoo, wengine shetani, na wengi walisema alikuwa mwoga aliyekimbia maisha. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua kwamba mtu huyo hakukimbia moja kwa moja. Alipitia kwanza ofisini kwangu.

Tangu siku hiyo nimebeba swali moja: je, ajiuaye ni mwoga, na je, tuna haki ya kumhukumu?

Jibu langu la kwanza lilikuwa la darasani. Nilifundishwa, nami nikafundisha, kwamba uhai ni amana na mwanadamu hana ruhusa ya kuutupa. Hilo ninaliamini hata leo. Mtu akijiua maumivu yake hayaishi bali huhamia kwa mama yake, kwa watoto wake na kwa rafiki zake, nao huyabeba hadi uzeeni. Lakini kusema kwamba tendo ni baya si sawa na kusema kwamba mtendaji alikuwa na nguvu za kuchagua kama nilizonazo mimi, nikiwa nimeshiba na kulala vizuri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baada ya kustaafu, binti yangu ambaye ni muuguzi alinisimulia habari za mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Shneidman. Bwana huyo alitumia maisha yake yote kuchunguza vifo vya namna hii. Mwaka 1958 yeye na wenzake walianzisha Los Angeles kituo cha kuzuia watu wasijiue, na mwaka 1993 alitoa kitabu ambamo alibuni neno jipya, akiunganisha nafsi na maumivu. Alisema kwamba kiini cha jambo ni maumivu ya nafsi yaliyopita kiasi cha mtu kuyastahimili: aibu, majuto, upweke, kufiwa. Mtu huyo, kwa maelezo yake, hatafuti kifo hasa. Anatafuta maumivu yakome, na akili yake imebanwa hata haioni mlango mwingine ila ule mmoja.

Nilimpinga binti yangu. Nikamwuliza, mbona wengi wanaumia na hawajiui? Mjane aliyezika watoto wanne bado analima mihogo yake. Akaniambia kwamba swali hilo limeulizwa na wataalamu pia. Mwaka 2015 David Klonsky na Alexis May walieleza kwamba maumivu peke yake hayatoshi. Hatari huanza maumivu yanapokutana na kukata tamaa. Huzidi pale maumivu yanapokuwa makubwa kuliko kamba zinazomfunga mtu na wenzake. Tena kuwaza kufa ni jambo moja, na kuweza kutenda ni jingine. Ndiyo maana kuweka vitu vya hatari mbali na mtu aliyeelemewa huokoa maisha.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika tunaweza kulielewa hilo bila kitabu. Mtumbwi ukivuja usiku, mvuvi huendelea kuchota maji maadamu anaziona taa za pwani na anamsikia mwenzake akichota upande wa pili. Taa zikizimika na mwenzake akinyamaza, mikono yake hulegea. Mwalimu wangu alikuwa akichota maji peke yake. Alikuja kuniuliza kama ninaziona taa, nami nikamwambia achote kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo neno "mwoga" nimelifuta. Lakini sikubali pia kwamba hakuna lililowezekana. Kama maumivu ndiyo yanayomsukuma mtu, basi kila anayeyapunguza hata kidogo anamrudisha nyuma hatua moja. Huhitaji kumfufua mke wa mtu. Yawezekana lililohitajika ni mimi kusimama mbele ya wazazi na kusema, "Huyu simwamini kuwa mwizi."

Sheria nayo inastahili kutazamwa. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Wazo hilo tulilirithi kwa Waingereza, nao wenyewe walilifuta kwao mwaka 1961, mwaka ule ule ambao Tanganyika ilipata uhuru. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho cha nchi yao kinapingana na Katiba. Sisemi haya ili kuwafundisha kazi wanasheria. Ninasema tu kwamba mtu anayeogopa polisi hatamwambia muuguzi ukweli. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini ni nani aliyemfundisha kuficha?

Mwaka 2024 ziwa letu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Siku hizo alinijia kijana niliyemfundisha zamani. Injini ya mkopo ilikuwa imezama kabla ya hapo, na mkewe alikuwa amerudi kwao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Akaketi, akanyamaza. Ukimya ule niliutambua. Baada ya kitambo akasema, "Mwalimu, mimi nimechoka."

Nilitetemeka. Kisha nikamwuliza wazi, "Umechoka kiasi cha kutaka kujiua?"

Zamani niliamini kwamba kuuliza hivyo ni kumpandikizia mtu wazo. Sivyo, wataalamu wanasema kuuliza kwa upole hakumsukumi mtu, bali humpa nafasi ya kushusha mzigo. Kijana alilia kwa muda mrefu, nami sikumwambia anyamaze. Sikuwa na fedha za kulipa deni lake. Usiku ule alilala kwangu, hakubaki peke yake. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa kaka yake, kisha zahanati, na baadaye hospitali mjini Mpanda. Kaka yake akazungumza na mdai, wakapanga malipo ya kidogo kidogo. Maumivu hayakwisha, ila yalipungua hadi yakabebeka. Leo anavua, na jioni nyingine huniletea migebuka miwili, akiketi kidogo kabla ya kwenda zake.

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu 720,000 wanaojiua kila mwaka. Mimi ninamhesabu mmoja. Ndugu msomaji, kama wewe ndiye uliyechoka, usiishie kusema umechoka. Sema neno zima, kwa ndugu, kwa muuguzi, kwa kiongozi wa dini. Na asipokusikia wa kwanza, mwendee wa pili leo hii hii. Kosa lilikuwa la masikio yangu, wala si la aliyesema.

Daftari lile la maandalio bado ninalo. Mwandiko wake ni mzuri, na kila somo limepangwa. Nililikagua kwa kalamu nyekundu kama nilivyofunzwa chuoni, nikaandika, "Kazi nzuri."