Waya na Utando wa Buibui

Lipo swali ambalo huulizwa kama swali la ufundi, kumbe ni swali la maadili. Ala ya muziki iliyochongwa kwa mkono, ikapewa sauti yake na fundi aliyeichonga, je, yajuzu kutobolewa na kutiwa kinasa mtetemo? Kinasa mtetemo ni kile kidude kinachofichwa ndani ya gitaa, kikageuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, umeme ukapita katika waya hadi kwenye amplifaya, kisha ukatoka katika spika ukiwa sauti kubwa. Kwa gitaa lililotoka kiwandani swali hili ni jepesi, kwa kuwa mfano wake hupatikana dukani. Lakini katika nyanda za kati za Tanzania, kwa Wagogo wa Dodoma, ala haina pacha. Ilimba moja ikiharibika, imepotea pamoja na sauti yake, wala hakuna nyingine ya kuilipa.

Ilimba ni kisanduku cha mbao kilichopangwa vibapa vya chuma juu yake, navyo hupigwa kwa vidole. Mpangilio wa sauti zake hufuata zile sauti zinazozaliwa zenyewe ndani ya uzi unapotikiswa. Kwa hiyo kibapa kimoja kikiguswa, vingine visivyoguswa huitikia. Juu ya tundu la kisanduku hubandikwa utando mwembamba wa buibui, ule ambao mdudu huyo hufunikia mayai yake. Utando huo hutetema pamoja na hewa ya ndani na kuipa ilimba mvumo wa kukwaruza, ambao sikio geni huudhania kuwa kasoro, ilhali wenyewe wanajua kuwa ndio uhai wa ala. Mwenzi wa ilimba ni zeze, lenye kibuyu kwa tumbo na upinde kwa ulimi.

Hoja ya kwanza ya wanaoukataa waya ni hoja ya usafi: kwamba ala ya asili haipaswi kuguswa na kitu kigeni. Hoja hii yavutia, lakini haisimami. Ala za asili hazikushuka zikiwa kamili. Chuma cha vibapa kilitoka mahali fulani na kwa mikono fulani. Utando nao si sehemu ya mti, ni kitu kilichotafutwa na kuongezwa na mtu aliyetaka sauti isiyokuwamo katika mbao. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doguma katika mkoa wa Dodoma, aliyefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, alipiga malimba makubwa kuliko yale ya kawaida. Mwaka 2002 ilitoka albamu yake Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada, mpiga gitaa la umeme. Nani atathubutu kusema kwamba Zawose hakuwa Mgogo wa kutosha? Fundi aliyetia utando wa kwanza na fundi atiaye waya leo wanatenda tendo la jinsi moja: wote wawili wanaongeza.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi uzito wa jambo hauko katika kuongeza. Uko katika swali jingine: kinachoongezwa kinasikia nini, na kinaacha nini?

Hapa yafaa kutazama ufundi wenyewe. Vinasa mtetemo ni vya namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mizunguko mingi. Chuma kikicheza mbele yake, umeme huzaliwa katika waya. Kidude hiki husikia chuma na si kingine. Hakisikii mbao, hakisikii hewa ya ndani ya kisanduku, wala hakisikii utando. Na zeze lenye uzi usiokuwa wa chuma, mbele ya sumaku ni bubu. Namna ya pili hutumia fuwele, kwa kanuni iliyogunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880: fuwele ikibanwa hutoa umeme. Kidude hiki hubandikwa juu ya mbao na husikia mbao, pamoja na kila gonga la kidole na kila mkwaruzo wa kucha. Lakini chombo chepesi kama kibuyu husumbuka nacho, kwani sauti ya spika hukirudia kibuyu, kibuyu kikatetema upya, na mzunguko huo ukaishia katika mluzi unaoumiza masikio.

Kinasa mtetemo, basi, ni shahidi. Husimama karibu na tukio, husikia sehemu yake, kisha huwasimulia watu elfu ambao hawakuwapo. Na sharti la shahidi lajulikana: asiongeze, asipunguze. Shahidi aliyesikia chuma peke yake, akasimama mbele ya hadhara na kusema, "Hii ndiyo ilimba," hakusema uongo, lakini hakuusema ukweli wote. Madhara yake hayaishii jukwaani. Utando usiosikika katika spika, nani atakayeamka asubuhi kuutafuta? Fundi kijana atachonga kisanduku bila tundu, kwa kuwa tundu halina kazi tena. Na baada ya miaka michache haitakumbukwa kwamba kulikuwa na mvumo. Kisichosikika hakitafutwi, na kisichotafutwa hufa bila matanga.

Si lazima iwe hivyo. Mjini Kinshasa, kikundi cha Konono No. 1, kilichoanzishwa na Mingiedi Mawangu, kilizitia likembe zake vinasa vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari vilivyotupwa. Mvumo wa zamani ulipopotea, ulizaliwa mkwaruzo mwingine katika amplifaya zenyewe, nao haukufichwa. Ulikubaliwa kuwa sehemu ya muziki, na albamu ya Congotronics ya mwaka 2004 ikausambaza duniani. Mkwaruzo ule haukujifanya kuwa mvumo wa zamani. Ulisikika kama ulivyo, na kwa hivyo uliepuka ushahidi wa nusu.

Ipo hoja ya pili, nzito zaidi, na wapenzi wa taarabu wa visiwani wataifahamu bila kuelezwa sana. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, mitambo ilimchukua pamoja na wenzake wa ala. Miongo kadhaa baadaye kinanda cha umeme kiliingia katika taarabu, na mtu mmoja mwenye kinanda akaweza kutoa kwa mikono miwili mfano wa sauti ya fidla, ya kanuni na ya akodioni. Sauti ilizidi, viti vya wapigaji vikapungua.

Miongoni mwa Wagogo, njia ya kale ya kukuza sauti ilikuwa watu. Zeze moja halitoshi uwanjani, basi huja mazeze mengi kwa pamoja. Sauti moja haifiki, basi huitikiwa na kundi zima. Na wanawake hupiga ngoma za muheme, ambazo hazijawahi kulalamika kwamba hazisikiki. Ukubwa wa sauti ulikuwa kipimo cha ukubwa wa umoja. Mpigaji dhaifu alikuwa na nafasi ndani yake, na mtoto alijifunza akiwa pembeni mwa aliyekwisha kujua. Waya unampa mtu mmoja sauti ya watu ishirini. Wale kumi na tisa watakwenda wapi? Watageuka wasikilizaji, na msikilizaji, hata akipiga makofi kwa nguvu kiasi gani, hajifunzi kushika upinde.

Hata hivyo, haki yadai kwamba upande wa pili nao usikilizwe. Kijana aliyetoka kijijini na ilimba yake hakukuta ukimya mjini Dodoma. Amekuta spika za maduka, za baa, za mikutano na za harusi. Mbele ya hayo yote, kumwambia apige bila waya kwa heshima ya mababu ni kumwambia anyamaze kwa heshima yao. Isitoshe, wengi wanaoililia ilimba safi huililia wakiwa mbali nayo. Hawana mtoto anayehitaji karo kutokana na ilimba hiyo. Ala iliyohifadhiwa bila kupigwa imehifadhiwa kama maiti inavyohifadhiwa.

Kwa hiyo jibu halipatikani kwa kusema waya ni halali au waya ni haramu. Lapatikana katika masharti. La kwanza ni kwamba ala ya kale isitobolewe pasipo ridhaa ya aliyeichonga, kama yu hai, kwani tundu la kuchomekea waya haliwezi kurudishwa mbao. Na palipo na shaka, kipaza sauti kisimamishwe mbele ya ala, kisikie hewa, kibapa na utando kwa pamoja. La pili ni kwamba anayetaka ala ya waya aagize ichongwe mpya kwa kazi hiyo, naye akiri kwamba ni ala nyingine. La tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni kwamba malipo yanayoletwa na sauti kubwa yawarudie wale walioachwa nje ya jukwaa: kwa kuwafundisha watoto wao, na kwa kuwaita kuja kuitikia hata pale ambapo mashine ingeweza kuitikia badala yao.

Wahenga walionya kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Ilimba yaweza kuvuma sana na ngozi isipasuke, kwa kuwa haina ngozi. Kinachopasuka ni lile kundi lililoizunguka, na mpasuko huo hauna sauti ya kunaswa na waya wowote.