Kumtaja mwizi wa mtaani: Je, ni kuvunja stara?

VIJANA ninaowasomesha Elimu ya Dini ya Kiislamu huniuliza mara kwa mara: ukijua mtoto wa jirani ndiye anayevunja nyumba za watu, kisha ukamtaja kwa mjumbe, je, hiyo si tajassus?

Ni kweli kwamba Surat al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Imam Ghazali amesimulia katika Ihya kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) aliyepanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi. Mwenye nyumba akamkumbusha Khalifa kuwa yeye kakosea mara tatu: kapeleleza, hakupita mlangoni, wala hakutoa salamu. Umar akamwacha. Basi mlinzi wa ulinzi shirikishi anayechungulia madirisha ajue nani kalala na nani, huyo hatulindi.

Lakini anayevunja mlango wa mjane saa nane za usiku hatendi dhambi ya chumbani kwake. Imam Nawawi, akisherehesha hadithi ya kumsitiri Muislamu katika Sahih Muslim, ameeleza kuwa stara ni ya yule asiyejulikana kwa maudhi na ufisadi. Aliyezoea kudhuru watu, bora afikishwe kwa wenye mamlaka. Na ushahidi ukihitajika, al-Baqara aya ya 283 imekataza kuuficha.

Ndugu zangu Waislamu, tazameni tunavyofanya. Tunamsitiri kijana akiiba redio, akiiba simu, akiiba mitungi ya gesi. Siku akikamatwa na pikipiki, sisi sisi tuliokuwa tukimjua tunapiga yowe la "mwizi!" na tairi linaletwa. Hapo stara imekwenda wapi? Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa dhalimu naye husaidiwa, kwa kumzuia na dhulma yake. Kijana huyu angezuiwa mapema angekuwa hai. Katiba yetu, ibara ya 13, inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana kosa hadi ithibitike, na umati hauna mamlaka ya kumhukumu.

Sungusungu wa Wasukuma na Wanyamwezi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipambana na wezi wa ng'ombe kwa sababu walijuana. Kujuana huko huko kuliwaponza vikongwe waliotuhumiwa uchawi, kwani baadhi ya vikundi viligeukia uvumi. Aya ya 6 ya al-Hujurat ingetosha kuwazuia: habari ichunguzwe kwanza. Kwa hiyo seme uliloliona, si ulilosikia kijiweni. Ikiwezekana anza na baba yake, kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi.

Ipo hofu moja nisiyoidharau. Polisi jamii tumeisikia tangu enzi za IGP Said Mwema, aliyeteuliwa mwaka 2006, lakini mtu huripoti asubuhi, na jioni mtuhumiwa yuko kijiweni akilitaja jina la aliyemripoti. Hilo haliwezi kujibiwa na khatibu juu ya mimbari. Mwenye kulijibu ni askari anayeshika kalamu pale kaunta.